Je, Ubaya ni Maumbile? Uchambuzi wa Riwaya za Kutisha za Uingereza, 1764–1897

Kila mara mali ya umma inapoibwa, au mwenye nguvu anapomwonea mnyonge, huzuka mtu wa kutufariji kwa kauli fupi: binadamu ndivyo alivyo. Kauli hii husemwa vilabuni, ofisini na hata katika vikao vya Chama. Husikika kama hekima ya wazee, lakini si hekima. Ni itikadi. Inadai kwamba ubaya ni sehemu ya maumbile ya mtu kama zilivyo damu na mifupa yake, na kwa hiyo hakuna sheria, siasa wala mfumo wa jamii unaoweza kuupunguza. Anayeikubali kauli hii amekwisha kukubali, ajue asijue, kwamba mapambano dhidi ya unyonyaji ni kazi bure.

Katika fasihi kauli hii ina ngome yake. Ngome hiyo ni riwaya za kutisha zilizoandikwa Uingereza tangu karne ya 18, ambazo huitwa riwaya za Kigothiki. Zimejaa magofu, mahandaki, mizimu, watawa waovu, mazimwi na wanyonya damu. Wahakiki wengi wamezisoma kama ushahidi kwamba ndani ya kila mtu, hata aliye mstaarabu, limo giza lisilo na sababu, linalongoja usiku ili litoke. Wasomi wetu nao wamelipokea somo hilo madarasani na kulirudia bila kulihoji.

Makala hii inapinga usomaji huo. Hoja yetu ni kwamba riwaya hizi, zikisomwa kwa makini, hazisemi kwamba ubaya ni maumbile. Zinaonyesha jambo lililo karibu kinyume chake: kwamba ubaya mkubwa una mahali unapokaa, una mlango unaopitia, na una mtu anayefaidika nao kwa sababu umefichwa. Hata hivyo riwaya hizohizo zinatukataza kukimbilia kosa la pili, la kuulaumu mfumo peke yake na kumwacha mtu aende zake.

Ngome na hati ya kughushi

Neno Gothiki linatokana na Wagothi, makabila ya kale ya Ulaya yaliyoivamia Dola ya Rumi. Baadaye lilitumika kuyaeleza makanisa na majengo mengine makubwa ya Enzi za Kati, yaani wakati wa ukabaila. Kufikia karne ya 18 Mwingereza msomi alilitumia kwa kitu chochote cha kale, cha kishenzi na chenye gizagiza.

Riwaya inayohesabiwa kuwa ya kwanza katika mkondo huu ni The Castle of Otranto, iliyotolewa London tarehe 24 Desemba 1764. Mwandishi wake, Horace Walpole, alikuwa mbunge na mtoto wa Robert Walpole, aliyeiongoza serikali ya Uingereza kwa miaka zaidi ya 20. Mwanzoni alilificha jina lake, akadai kwamba kitabu ni tafsiri ya maandiko ya kale ya Kiitalia. Kilipopendwa ndipo alipojitaja.

Kisa chenyewe ni hiki. Manfred, mtawala wa Otranto, anamwoza mwanawe wa kiume wa pekee. Siku ya harusi kofia kubwa ajabu ya chuma inaanguka na kumponda kijana. Badala ya kuomboleza, Manfred anaamua kumwacha mkewe na kumwoa kwa nguvu aliyekuwa mchumba wa marehemu ili apate mrithi. Anamwinda binti huyo katika mahandaki ya ngome yake, na mwishoni anamchoma kisu binti yake mwenyewe akidhani ni yule anayemtafuta.

Msomaji wa juujuu atasema: tazama mnyama aliyemo ndani ya mtu! Lakini Walpole anatueleza kwa nini Manfred ana haraka kiasi hicho. Babu yake alimwua kwa sumu mwenye haki ya Otranto, kisha akaghushi wosia ili airithi nchi. Manfred analijua hilo. Bila mrithi, mali aliyoipata kwa wizi wa babu yake itamtoka. Mzimu unaoitikisa ngome ya Otranto, kwa hiyo, si mzimu wa maumbile ya binadamu. Ni mzimu wa hati ya kughushi.

Tusisahau kwamba katika karne hiyohiyo Bunge la wenye ardhi lilikuwa likipitisha sheria moja baada ya nyingine za kuigawa ardhi ya pamoja ya vijiji vya Uingereza na kuizungushia uzio. Hatudai kwamba Walpole alikusudia kuwatetea wakulima waliopoteza malisho yao. Alikuwa mtu wa tabaka tawala na aliandika kwa kujifurahisha. Lakini msanii huweza kuonyesha zaidi ya anachokusudia. Jamii iliyokuwa ikigawana ardhi kwa hati ilianza kuota ndoto mbaya, na ndani ya ndoto ile hati ndiyo iliyokuwa na damu.

Waandishi na mashamba ya miwa

Wahakiki wengi huzichambua riwaya hizi bila kuuliza mwandishi alikula nini. Sisi hatuna budi kuuliza.

William Beckford alizaliwa mwaka 1760. Baba yake, aliyezaliwa Jamaika na kuwa Meya wa London mara mbili, alifariki mwaka 1770, akamwachia mtoto huyo mashamba ya miwa ya Jamaika pamoja na watumwa walioyalima. Beckford hakufika Jamaika hata mara moja. Mwaka 1787 alianza safari ya kwenda huko, akaishia Lisbon. Kwa fedha za sukari alijenga huko Fonthill, Uingereza, jumba la mtindo wa Kigothiki lenye mnara mrefu kupita kiasi. Alilazimika kuliuza mwaka 1822, mapato ya mashamba yalipopungua na madeni kuongezeka. Mnara wenyewe ulianguka mwaka 1825.

Riwaya yake, Vathek, ilichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1786. Inamhusu khalifa mwenye tamaa isiyotosheka, ambaye anakubali kumtolea mgeni mmoja wa kishetani damu ya watoto 50 ili aonyeshwe hazina zilizo chini ya ardhi. Mwisho anazifikia hazina hizo, lakini moyo wake unawaka moto usiozimika, na anatangatanga milele miongoni mwa waliolaaniwa, kila mmoja ameshika kifua chake.

Watoto wa wengine watolewe sadaka ili mtu mmoja apate hazina: Beckford alikuwa na haja gani ya kulitafuta wazo hilo mbali? Lilikuwa katika daftari za mawakala wake. Lakini hakuliweka Jamaika. Aliliweka Samarra, katika nchi ya Waarabu wa kale. Ubaya uliokuwa ukitendeka shambani mwake aliupeleka Mashariki, akauita tabia ya watu wa huko. Huo ndio ujanja wa kwanza wa itikadi hii: ubaya unaoitwa wa binadamu wote husawiriwa kwa uso wa mtu wa mbali.

Mfano wa Matthew Lewis ni mzito zaidi. Mwaka 1796, akiwa kijana wa miaka 20 hivi, alitoa The Monk, riwaya iliyomtia sifa na lawama kwa pamoja. Ambrosio, mtawa anayeheshimiwa na Madrid nzima kwa utakatifu wake, anaanguka hatua kwa hatua katika uzinzi, ubakaji na uuaji. Katika kisa kingine ndani ya kitabu hicho, mtawa wa kike aitwaye Agnes anafungwa minyororo katika handaki chini ya nyumba ya watawa pamoja na mtoto wake mchanga, huku nje imetangazwa kwamba amekufa.

Watetezi wa hoja ya maumbile humpenda sana Ambrosio. Lakini Lewis anasema waziwazi kwamba kijana huyo alizaliwa na moyo wa ushujaa na ukarimu, na kwamba waliomlea monasterini ndio waliozikandamiza tabia hizo na kumfundisha kiburi na woga badala yake. Ushahidi wanaouleta, basi, unasimama upande wetu.

Tuendelee na maisha ya mwandishi. Mwaka 1812 Lewis alirithi kutoka kwa baba yake mashamba mawili Jamaika, yenye watumwa zaidi ya 500. Alikwenda huko mara mbili, na mwaka 1818 alifariki baharini kwa homa ya manjano akirudi kwao. Shajara ya safari zake ilichapishwa mwaka 1834. Inamwonyesha kuwa mtu mwenye huruma: alipiga marufuku mjeledi katika mashamba yake na alisikiliza malalamiko ya watumwa. Lakini hakuwaacha huru. Mtu aliyewafundisha Waingereza kumlilia mwanamke mmoja wa kubuni aliyefungwa minyororo handakini alikufa akiwa mmiliki wa mamia ya watu wa kweli.

Je, tuseme Lewis alikuwa na moyo mbaya? Hapana. Hilo ndilo jambo la kutisha kuliko mazimwi yake yote. Moyo mzuri na umiliki wa watu viliweza kukaa pamoja katika mtu mmoja, na umiliki haukupungua hata kidogo kwa sababu ya uzuri wa moyo ule.

Kiumbe asiye na jina

Katika Agosti 1816 Lewis alimtembelea Byron katika Villa Diodati, kando ya Ziwa Geneva. Miezi miwili kabla, katika nyumba hiyohiyo, msichana wa miaka 18 alikuwa ameanza kubuni kisa cha kutisha. Msichana huyo ni Mary Shelley, na kisa hicho ni Frankenstein, kilichochapishwa London Januari 1818 katika nakala 500 zisizo na jina la mwandishi. Alikuwa mtoto wa watu wawili waliopinga dhuluma kwa kalamu: William Godwin, aliyeandika juu ya haki katika siasa mwaka 1793, na Mary Wollstonecraft, aliyetetea haki za wanawake mwaka 1792.

Wengi wanaolitaja jina Frankenstein hudhani ni jina la zimwi. Siyo. Ni jina la msomi, Victor Frankenstein, aliyemwumba kiumbe kwa viungo vya maiti, akamkimbia dakika ile alipofumbua macho. Kiumbe mwenyewe hakupewa jina.

Kiumbe huyu anaanzaje maisha? Anajificha karibu na kibanda cha familia maskini, anawakusanyia kuni usiku bila wao kujua, na kwa kusikiliza anajifunza kusema na kusoma. Humo anasikia pia jinsi mali ilivyogawanywa duniani, kwamba wachache wana utajiri mkubwa na wengi wana ufukara wa kutisha, na kwamba mtu asiye na ukoo wala mali huhesabiwa kama takataka. Anajitazama, anaona hana fedha, hana rafiki, hana kitu. Anapojionyesha anapigwa. Anamwokoa msichana anayezama mtoni, malipo yake ni risasi. Baada ya hayo ndipo anapoua. Anamwambia Victor kwamba alikuwa mwema na kwamba taabu ndiyo iliyomgeuza.

Lakini kisa chenye uzito zaidi kwetu ni cha Justine, mtumishi wa nyumba ya akina Frankenstein. Kiumbe anamwua mdogo wake Victor, na Justine anashitakiwa. Padri anamtisha mpaka anakiri kosa asilolitenda. Victor anamjua mwuaji. Ananyamaza, kwa kisingizio kwamba akisema ataonekana mwendawazimu. Justine ananyongwa. Katika kitabu chote hakuna giza kubwa kuliko ukimya huo wa msomi mwenye jina zuri, anayelia kwa uchungu huku mtumishi wake akipelekwa kwenye kitanzi.

Sasa tazama tabaka tawala lilivyoitumia hadithi hii. Agosti 1823 watumwa wa Demerara, ambayo leo ni sehemu ya Guyana, waliasi. Tarehe 16 Machi 1824, Bunge la Uingereza lilipojadili hali ya watumwa wa West Indies, Waziri wa Mambo ya Nje, George Canning, alikirejea kisa cha Mary Shelley. Alidai kwamba kumpa mtumwa uhuru wa ghafla ni sawa na kuumba kiumbe mwenye nguvu za mtu mzima na akili ya mtoto, ambaye muumba wake hataweza kumzuia. Yale maneno ya kiumbe kwamba taabu ndiyo iliyomgeuza yalifutwa. Likabaki zimwi peke yake, na zimwi likapewa ngozi nyeusi.

Sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza ilipitishwa mwaka 1833. Serikali ilitenga pauni milioni 20 za fidia. Fidia hiyo walilipwa wenye watumwa. Watumwa wenyewe hawakupewa hata senti. Hayo ndiyo matunda ya nadharia ya ubaya wa maumbile inapotoka maktabani na kuingia Bungeni.

Akaunti ya pili ya Dakta Jekyll

Tuje kwenye kitabu kinachotajwa kuliko vyote pale watu wanapozungumzia pande mbili za mtu: kisa cha Dakta Jekyll na Bwana Hyde, kilichoandikwa na Robert Louis Stevenson na kutolewa Januari 1886.

Stevenson alizaliwa Edinburgh, na alijua habari za kweli za mji huo. Mmojawapo wa wazee wake wa zamani, William Brodie, alikuwa fundi seremala mkubwa na diwani wa mji. Mchana alitengeneza makabati na kufuli za matajiri, usiku aliingia katika nyumba hizohizo kuiba. Alinyongwa mwaka 1788. Stevenson alishiriki kuandika mchezo wa kuigiza juu yake kabla ya kumwandika Jekyll.

Tafsiri iliyozoeleka ni kwamba Jekyll ni wema, Hyde ni ubaya, na wote wawili wamo ndani ya kila mtu. Tukisoma kitabu chenyewe tunaona mengine. Kwanza, Jekyll si wema mtupu. Tangu ujana wake alikuwa na starehe alizozificha ili aendelee kutembea mbele za watu kwa kichwa cha juu. Dawa haikumtia tamaa mpya, ilimpa maficho mapya. Yeye mwenyewe anaeleza kwamba watu wa zamani walikodi majambazi wa kutenda uovu kwa niaba yao huku wao wakibaki na sifa, na kwamba yeye alikuwa wa kwanza kufanya hivyo kwa ajili ya starehe zake.

Pili, angalia jinsi Jekyll alivyomwandalia Hyde maisha. Alimpangishia nyumba Soho na kumwekea mtumishi. Alimpa ufunguo wa mlango wa nyuma. Aliandika wosia wa kumwachia mali yake yote. Na alimfungulia akaunti katika benki nyingine, kwa jina la Hyde, akaligeuza mwandiko wake mwenyewe kwa kuulaza upande wa nyuma ili kumpatia sahihi. Hyde anapomkanyaga mtoto wa kike barabarani na watu kumbana, hapigani. Anaingia kwa mlango wa nyuma na kutoka na pauni 10 za dhahabu pamoja na hundi ya kujaza pauni 100. Hundi ina jina la mtu mwenye heshima zake, na benki inailipa.

Huo ndio upande wa giza wa binadamu kadiri Stevenson alivyouchora: una ufunguo, una wosia, una sahihi, una akaunti benki. Kabwela wa London aliyekuwa na tamaa zilezile za Jekyll hakuwa na hata kimoja cha hivyo, na kwa hiyo hakuweza kuwa na Hyde. Kuwa na Hyde kulihitaji mtaji.

Tatu, katika maungamo yake Jekyll anafika mahali ambapo hawezi tena kumwita Hyde "mimi". Anamwita "yeye". Mtu anapoanza kuyasimulia matendo yake mwenyewe kwa nafsi ya tatu, msomaji na akae macho. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na Jekyll anataka tuamini kwamba nguo si yake.

Dracula, mirija na mumiani

Riwaya ya mwisho tutakayoitazama ni Dracula ya Bram Stoker, Mwairishi mzaliwa wa Dublin, iliyotolewa London mwaka 1897. Msomaji wa Kiswahili ana faida moja mbele ya kitabu hiki. Lugha yetu ya siasa haikuhitaji kuazima mnyonya damu kutoka Ulaya. Neno unyonyaji lenyewe linatokana na kunyonya. Enzi ya TANU mnyonyaji aliitwa kupe, na tulihimizana kuikata mirija yake. Karl Marx naye, katika kitabu chake cha 1867 juu ya mtaji, aliufananisha mtaji na zimwi lililokufa ambalo huishi kwa kunyonya kazi ya walio hai.

Zaidi ya hayo, watu wa Afrika Mashariki walikuwa na visa vyao. Katika enzi ya ukoloni zilienea habari za mumiani, watu waliodaiwa kukamata raia na kuwatoa damu ya kutengenezea dawa. Nairobi na Kampala walishukiwa wazimamoto. Mwanahistoria wa Marekani, Luise White, aliyekusanya simulizi hizi katika kitabu cha mwaka 2000, alizichukua kama njia ya watu kuieleza hali yao chini ya ukoloni. Mkulima au kibarua aliyezisimulia hakuwa akitoa nadharia ya maumbile ya binadamu. Alikuwa akisema nani anachukua nini kutoka mwilini mwa nani.

Tumsome Dracula kwa jicho hilo. Ni kabaila mwenye cheo cha Kaunti, na nguvu zake zimo katika udongo wa nchi yake, ambao anausafirisha katika masanduku 50. Lakini haingii Uingereza kama jambazi. Anamtumia wakili, ananunua nyumba kwa hati halali, anasoma vitabu vya sheria. Katika ngome yake kuna lundo la dhahabu lililojaa vumbi. Na adui zake wanapomvamia London, kisu kinalikosa moyo wake na kulipasua koti lake tu. Kinachomwagika ni noti na sarafu za dhahabu.

Lakini hapa pia pana udhaifu mkubwa wa kitabu. Dracula ni mgeni kutoka Mashariki anayevuka bahari kuja kuwanyonya watu wa London. Hali halisi ya miaka hiyo ilikuwa kinyume chake. Tarehe 27 Agosti 1896, miezi tisa kabla ya riwaya hii kutoka, manowari za Kiingereza ziliipiga kwa mizinga ikulu ya Sultani hapa Unguja kwa muda usiotimia saa moja, na mamia ya watu waliuawa na kujeruhiwa. Ni London iliyokuwa ikivuka bahari. Mwenye mirija aliota usiku kwamba ananyonywa.

Makosa mawili ya kuepukwa

Kosa la kwanza tumekwisha kulionyesha. Ni kusema kwamba ubaya ni maumbile. Kosa hili halikuishia katika hadithi. Mwaka 1876 Cesare Lombroso, tabibu wa Kiitalia, alitoa kitabu kilichodai kwamba wako watu waliozaliwa wahalifu, na kwamba wanatambulikana kwa maumbo yao. Ndani ya Dracula jina la Lombroso linatajwa kama la mtaalamu. Hyde naye anachorwa mfupi, mwenye mikono ya nywele, kama nyani. Waandishi walioona wazi hati, wosia na akaunti bado waliupa ubaya sura ya mtu wa chini. Mhakiki asiyeuona upungufu huu atawapelekea wanafunzi sumu ndani ya dawa.

Kosa la pili ni la upande wetu, na kwa sababu hiyo tunalificha zaidi. Ni kusema kwamba mfumo ndio uliotenda, na mtu hakutenda. Wako watu waliojifunza msamiati wa tabaka na mazingira ya kijamii ili wautumie kama Jekyll alivyoutumia mlango wa nyuma. Wakiulizwa juu ya fedha ya kijiji au ya ushirika, husema mazingira, husema mfumo, husema ubeberu. Hawasemi mimi.

Riwaya hizi haziwapi nafasi hiyo. Mfumo wa mahakama ulimnyonga Justine, lakini Victor alikuwa na ulimi. Utumwa haukuanzishwa na Lewis, lakini alikuwa na kalamu ya kusaini hati ya uhuru. Hatukatai kwamba tamaa, woga, wivu na hasira vimo katika kila mtu. Tamaa ya mtu asiye na mamlaka huishia katika ugomvi wa jirani. Tamaa hiyohiyo ikipewa ngome, shamba la watumwa au akaunti ya siri, huwa janga la umma. Kazi ya siasa si kungoja mioyo itakaswe. Ni kuzuia tamaa isipewe maficho, na kumtaka kila mtu ayajibu matendo yake kwa jina lake.

Hitimisho

Uchambuzi huu unatupa mambo matatu ya kufanyia kazi.

(a) Walimu wa fasihi wanaofundisha riwaya hizi wawaongoze wanafunzi kuuliza katika kila kisa: ubaya huu umefichwa wapi, nani ana ufunguo, na nani analipa? Maswali hayo yatamfaa mwanafunzi hata pale atakapokuwa anasoma taarifa ya hesabu badala ya riwaya.

(b) Waandishi wetu wanaotunga hadithi za kutisha wasitosheke na majini na mazimwi. Msomaji ataogopa zaidi akionyeshwa hati kuliko akionyeshwa meno.

(c) Sisi wanachama tujisome wenyewe. Masharti ya uongozi yaliyowekwa na Azimio la Arusha mwaka 1967 yalimkataza kiongozi kuwa na hisa katika makampuni, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kuwa na nyumba za kupangisha. Waliotunga masharti hayo hawakupoteza muda kubishana kama binadamu ni mwema au mbaya kwa maumbile. Waliuliza ana mishahara mingapi. Mwaka 1991, katika kikao cha Halmashauri Kuu ya Taifa kilichofanyika Zanzibar, masharti hayo yalilegezwa, na mwaka 1995 ilitungwa sheria ya maadili inayomtaka kiongozi wa umma kutoa tamko la mali na madeni yake. Kama njia hiyo inatosha au haitoshi, wanachama wanao wajibu wa kujadili. Lakini wajadili kwa kuangalia milango na funguo, si kwa kuhema na kusema binadamu ndivyo alivyo.

Katika kisa cha Stevenson, waliokuja kuvunja mlango wa Jekyll walikuwa wakili rafiki yake na Poole, mtumishi wake wa miaka mingi. Aliyekwenda kumwita wakili usiku ule ni mtumishi. Siku nyingi alikuwa ameisikia sauti iliyo nyuma ya mlango, akajua si ya bwana wake, na alipochoka kuogopa akaenda kusema. Cheo ni dhamana, nasi ndio tunaosikia sauti nyuma ya milango.